Mimba imeshaharibika lakini haijulikani iko wapi: mnaanza na kusafisha au na methotreksati?

Zamu_ya_Usiku

Wakuu habari za kazi. Naomba tujadili hali moja ambayo miongozo inaigusa juu juu tu.

Tuchukulie mama wa wiki 6 tangu hedhi ya mwisho. Anatokwa na damu kidogo, maumivu si makali, presha na mapigo ya moyo viko sawa. Ultrasaundi ya kupitia ukeni: mji wa mimba mtupu, ovari zote mbili hazina tatizo, hakuna uvimbe pembeni, hakuna maji nyuma ya kizazi. hCG (homoni ya mimba kwenye damu) ya kwanza 1,240 IU/L, baada ya saa 48 ni 1,310, baada ya saa nyingine 48 ni 1,275. Ultrasaundi ya pili ni ileile.

Naelewa kwamba mimba hii haiendi popote. Swali langu ni hatua inayofuata. Wapo wanaosema mchome methotreksati (dawa inayozuia seli za mimba kukua) moja kwa moja kwa sababu "lazima iko kwenye mrija". Wapo wanaosema safisha kizazi kwanza uone. Wengine wanasema subiri. Kila njia ina gharama gani kwa mgonjwa, na makosa hutokea wapi?

---

KizaziSalama

Swali zuri, na umelipanga vizuri kwa sababu umeanza na namba tatu badala ya mbili.

Nianze na hilo neno "lazima". "Mimba isiyojulikana ilipo" ni jina la hali ya uchunguzi, si jina la ugonjwa. Chini yake kuna vitu vinne: mimba ya ndani ambayo bado ni changa mno kuonekana, mimba iliyokuwa ndani ikaharibika, mimba ya nje ya kizazi ambayo haijaonekana, na ile ambayo hCG yake inang'ang'ania palepale bila kuonekana popote. Wengi katika kundi zima huishia kwenye mimba iliyoharibika yenyewe, na walio nje ya kizazi ni wachache. Kwa mama wako, ambaye hCG yake imegoma, uwezekano wa nje unapanda, lakini haufiki "lazima". Wanaochomwa methotreksati kwa kudhaniwa tu, sehemu kubwa mimba ilikuwa ndani ya kizazi tangu mwanzo. Hao wamepewa dawa ya sumu kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza thibitisha kwamba haiko hai, ndipo ugombane na mahali ilipo. Usigeuze.

Kuthibitisha uhai kwa namba: ACOG, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, inatumia kiwango cha chini cha kupanda ndani ya saa 48. Kama ulianzia chini ya 1,500, tarajia angalau asilimia 49. Kati ya 1,500 na 3,000, asilimia 40. Juu ya 3,000, asilimia 33. Mama wako alipaswa kufika karibu 1,850 na akafika 1,310, yaani ongezeko lisilozidi asilimia 6, kisha akashuka kidogo. NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, ina mipaka mingine: ikipanda zaidi ya asilimia 63, inaelekea iko ndani, ikishuka zaidi ya asilimia 50, inaelekea inajimaliza, katikati ya hapo mgonjwa aonwe na mtu mwenye uzoefu ndani ya saa 24. Vipimo vitatu mfululizo vinavyotofautiana chini ya asilimia 15 ndivyo vinavyoitwa hCG iliyoganda, na hapo ndipo huyu alipo.

Angalia sasa jambo ambalo watu hulikosea. Hapo hakuna mahali niliposema "1,500 na kizazi kitupu, basi iko nje". Kile kiwango cha hCG ambacho juu yake kifuko lazima kionekane kimeponza mimba nyingi nzuri. Ndiyo maana ACOG ilikipandisha hadi 3,500 kwa wanaotaka kukitumia, na hata hapo mimba ya mapacha inaweza kuwa na hCG kubwa kabla kifuko hakijaonekana. Namba moja haiui mimba. Mwenendo wa namba ndio ushahidi.

Projesteroni husaidia kama maabara inaipima. Chini ya 5 ng/ml (karibu 16 nmol/L) mimba iliyo hai ni nadra sana. Isipokuwa mama anayetumia projesteroni ya kuweka ukeni au ya sindano, mfano aliyepandikizwa mimba: usiamini kipimo hicho kwake.

Baada ya hapo, binafsi naanza na kusafisha kwa bomba la mkono, kwa sababu kunaniambia mimba ilikuwa wapi na mara nyingi kunamaliza tiba palepale. Nitarudi na namna ya kusoma kilichotoka, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia.

---

Maabara_Benchi3

Kabla hamjagombana kusafisha au kuchoma, naomba niwaambie kitu cha upande wetu.

hCG tatu hizo zimepimwa kwenye mashine moja? Mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile, kwa sababu kila kampuni inakamata vipande tofauti vya homoni. Mgonjwa akipima Jumatatu hospitali moja na Jumatano kwingine, tofauti ya asilimia 15 inaweza kuwa ni ya mashine tu. hCG "iliyoganda" ya namna hiyo haina maana. Rudia zote mahali pamoja, na andikeni saa ya kuchukua damu kwenye fomu, si tarehe peke yake. Saa 48 na saa 60 si kitu kimoja mnapohesabu asilimia.

La pili, hCG ndogo iliyoganda kwa wiki kadhaa bila dalili yoyote: pima na mkojo. Baadhi ya watu wana kingamwili kwenye damu zinazoidanganya mashine ionyeshe hCG isiyokuwepo. Kingamwili hizo ni kubwa mno kupita kwenye mkojo, kwa hiyo damu itasema 150 na mkojo utasema hakuna. Ombeni maabara izimue sampuli kwa viwango tofauti. hCG ya kweli hupungua kwa uwiano, ya uongo hurukaruka. Wapo wanawake duniani waliopewa methotreksati, hata kutolewa kizazi, kwa hCG ambayo haikuwepo.

Kwa namba ya 1,275 hili silitilii mashaka sana, lakini mkojo ni wa dakika tano.

---

Dkt_Mtaratibu

KizaziSalama nakubaliana nawe kwenye uhai kwanza. Kwenye "naanza na kusafisha" nitakupinga kidogo.

Swali hili lilishafanyiwa jaribio la kitabibu Marekani, linaitwa ACT or NOT, likachapishwa kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 2021. Wanawake 255 wenye hCG iliyogoma na mimba isiyoonekana, vituo 12, waligawanywa kwa kura: kusubiri, kusafisha na kufuatilia kwa methotreksati ikihitajika, au methotreksati ya dozi mbili moja kwa moja. Waliomaliza bila kubadilishiwa mpango: waliosubiri asilimia 36, waliotibiwa mapema kwa njia yoyote kati ya hizo mbili asilimia 51.5. Kati ya hizo mbili, methotreksati asilimia 54.9 na kusafisha asilimia 48.3, yaani methotreksati haikuwa dhaifu kuliko kusafisha.

Kuna somo jingine ndani ya jaribio hilo: karibu wanawake 4 kati ya 10 waliikataa njia waliyopangiwa na kura. Maana yake ni kwamba mgonjwa ana maoni yake, na daktari anayeamua peke yake atajikuta na mgonjwa asiyerudi. Kuna asiyetaka chombo chochote kiingie kizazini, na kuna anayetaka kujua kwa hakika mimba ilikuwa wapi ili ajue hatari yake mimba ijayo. Wote wana hoja.

Sasa methotreksati ikichaguliwa, ifanywe hivi.

Kabla: picha kamili ya damu, kreatinini, vimeng'enya vya ini, kundi la damu. Usimpe anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini au figo, damu pungufu kali au chembe sahani chache, kinga dhaifu, vidonda vya tumbo vinavyowaka, ugonjwa wa mapafu unaoendelea. Na usimpe mtu ambaye huna hakika atarudi siku ya 4 na ya 7. Hilo la mwisho watu huliandika chini kabisa, mimi ningeliweka juu.

Dozi ni miligramu 50 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, sindano ya msuli. Mfano: urefu sm 160, uzito kg 62. Zidisha 160 kwa 62, gawanya kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili: unapata 1.66. Dozi ni mg 83. Kama chupa ni ya mg 25 kwa ml, hiyo ni ml 3.3, igawe matako mawili. Mtu wa pili ahesabu upya kabla dawa haijavutwa. Kosa la desimali hapa linaua uboho.

Kwa utaratibu wa dozi mbili: siku ya 1 sindano, siku ya 4 sindano nyingine, na damu ya hCG siku ya 4 na siku ya 7. Linganisha siku ya 4 na ya 7. Siyo ya 1 na ya 4! hCG hupanda mara nyingi siku za kwanza, na daktari asiyejua hilo anamkimbiza mama chumba cha upasuaji bure. Mfano siku ya 4 ni 1,480 na siku ya 7 ni 1,150: imeshuka asilimia 22, endelea kupima kila wiki. Ikiwa siku ya 7 ni 1,340, imeshuka asilimia 9 tu, haijafika 15. Anachomwa ya tatu na kupimwa siku ya 11. Ikigoma tena, ya nne siku hiyo ya 11 na kipimo siku ya 14. Baada ya hapo mjadala ni wa upasuaji.

Fuatilia hadi hCG isionekane. Kawaida wiki 2 hadi 4, lakini inaweza kufika 8.

Asitumie foliki asidi wala multivitamini yenye foliki asidi, inaua nguvu ya dawa. Asitumie ibuprofeni na ndugu zake, maana zinaweza kuizuia figo kuitoa methotreksati, apewe parasetamoli. Pombe hapana. Jua kali hapana. Tendo la ndoa na kunyanyua vitu vizito pia hapana, hadi hCG iishe. Kushika mimba tena, wengi tunashauri asubiri miezi 3.

---

KizaziSalama

Takwimu zako sizipingi, Daktari. Ila soma asilimia 48.3 ile kwa jicho jingine: karibu nusu ya waliopangiwa kusafishwa walimaliza bila mpango kubadilishwa. Na kusafisha kunampa mgonjwa jina la ugonjwa wake, kitu ambacho sindano haiwezi kumpa. Mama akiandikiwa "mimba ya nje" kwenye kadi yake wakati haikuwa ya nje, kila mimba ijayo atachunguzwa kwa hofu hiyo.

Nilisema nitarudi kwenye kusoma kilichotoka. Bomba la mkono, mrija wa mm 5 au 6, ganzi ya pembeni ya mlango wa kizazi. Kilichovutwa kimwage kwenye chujio, kisuuze damu iishe, kisha kiweke kwenye bakuli la kioo lenye maji safi ya chumvi na mwanga utokee chini. Vinyweleo vya kondo huelea na kutawanyika kama mwani, laini, vyeupe, vyenye matawi madogo madogo. Utando wa kizazi unabaki vipande vizito bapa, hautawanyiki hata ukiutikisa. Ukiona vinyweleo, mimba ilikuwa ndani. Hata hivyo peleka kwenye fomalini kwa mtaalamu wa hadubini, kwa sababu macho hukosea pande zote mbili, hasa mimba ikiwa changa hivi.

Mtego mkubwa: mwanamke mwenye mimba ya nje anaweza kutoa utando mzima wa kizazi kwa kipande kimoja chenye umbo la pembetatu. Nesi anakiona, anasema "ametoa mimba yote", mama anarudishwa nyumbani. Siku tatu baadaye mrija unapasuka. Kipande hicho kikikosa vinyweleo, hakijathibitisha chochote.

Usipoona vinyweleo, pima hCG saa 12 hadi 24 baada ya kusafisha. Kwa mama wetu aliyeanzia 1,275: ikirudi 540, imeshuka asilimia 58, hiyo karibu kila mara ilikuwa ndani, fuatilia tu hadi iishe. Ikirudi 1,190, imeshuka asilimia 7, maana yake kilichokuwa kinatengeneza homoni bado kipo. Huyo ndiye anayestahili methotreksati, na sasa unaichoma ukiwa na sababu.

Utando kidogo unaokwanguliwa kwa kijiti kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje hautoshi kwa kazi hii. Unakosa vinyweleo mara nyingi mno.

---

Mkunga_Mpole

Naongeza upande wa mgonjwa, kwa sababu hapa wote mmeongea kama vile mama analala maabara.

Kusubiri nako ni tiba, kama hCG ni ndogo na inashuka. Chini ya 200 karibu 9 kati ya 10 hujimaliza wenyewe. Lakini huyu wa 1,275 iliyoganda simshauri asubiri muda mrefu, na akisubiri lazima awe na vitu vitatu: simu, usafiri wa usiku, na mtu wa kukaa naye.

Mwambieni kwa maneno ya kawaida: mimba ya nje inaweza kupasuka hata hCG ikiwa ndogo, hata ikiwa inashuka, hata siku kadhaa baada ya sindano. "Namba zinashuka" siyo kinga. Arudi mara moja akipata maumivu makali ya upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega hasa akilala, kizunguzungu au kuzimia, au hamu ya kujisaidia haja kubwa inayomjia bila kitu kutoka. Hiyo ya mwisho huchukuliwa kuwa ni tumbo la kuendesha. Ni damu iliyokusanyika nyuma ya kizazi inayobana utumbo.

Baada ya methotreksati, maumivu ya wastani kati ya siku ya 2 na ya 7 ni ya kawaida na huisha kwa parasetamoli. Tatizo ni kwamba kwa maneno tu hayatofautiani na ya kupasuka. Kwa hiyo aje apimwe presha, mapigo na wingi wa damu, aguswe tumbo. Asiambiwe kwa simu kwamba ni dawa inafanya kazi. Ultrasaundi za kila wiki pia hazina faida kama yuko vizuri. Uvimbe wa mrijani unaweza kukua kwa sababu ya damu iliyoganda huku hCG ikishuka, mkatishana tamaa bure.

Kwa mwenye kundi hasi la damu miongozo haiendi sawa. NICE inataka sindano ya anti-D (ya kuzuia mama asitengeneze kingamwili dhidi ya damu ya mtoto), vizio 250, kama amefanyiwa upasuaji kwa mimba ya nje au iliyoharibika, lakini haitaki kwa mimba isiyojulikana ilipo peke yake wala kwa tiba ya dawa tupu. Fuateni mwongozo wa mahali mlipo, ila kundi la damu lijulikane mapema.

---

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana wakuu. Mawili ya mwisho. Kwanza, kwa nini msitumie misoprostoli badala ya bomba, maana mimba imeshakufa? Pili, hCG ikishuka katikati baada ya kusafisha, mfano asilimia 30, na vinyweleo havikuonekana, mnafanyaje?

---

KizaziSalama

Misoprostoli inabana kizazi. Mimba iliyo kwenye mrija haiguswi. Mama atatoa damu na mabonge, kila mtu atasema imetoka, na hukupata kitu cha kuweka kwenye bakuli la maji. Umepoteza tiba na umepoteza ushahidi kwa pamoja. Ikijulikana kwamba ilikuwa ndani, itumie bila wasiwasi. Kabla ya hapo iache.

Ya asilimia 30: usikimbilie sindano. Rudia hCG baada ya saa 24 hadi 48 na uulize maabara ya hadubini majibu ya haraka. Ikiendelea kushuka vizuri, mfuatilie kila wiki. Ikisimama au kupanda, mchukulie kuwa na mimba ya nje mpaka ithibitike vinginevyo, na rudia ultrasaundi kabla ya kuchoma, maana siku chache zilizopita zinaweza kuwa zimefanya uvimbe uonekane.

---

Dkt_Mtaratibu

Na wakati wowote katika safari hii, maji yakionekana tumboni, wingi wa damu ukishuka au presha ikiyumba, acheni kuhesabu asilimia. Hapo ni mishipa miwili mikubwa ya dripu, damu ya kuongezea iandaliwe, na chumba cha upasuaji. Ila msimpeleke mgonjwa mtulivu kwenye kamera ya tumbo kwa ajili ya kutafuta tu. Mimba changa hivi inaweza kuwa mrijani na kamera isiione, halafu mnamrudisha wodini na karatasi inayosema mirija ni mizima.

Jambo la mwisho kuhusu methotreksati: kabla ya kuichoma, watu wawili wasome namba zote tatu na ripoti zote mbili za ultrasaundi wakiwa na jina la mgonjwa mbele yao. Kifuko kidogo cha duara ndani ya kizazi, hata bila kiini, kwa mwenye kipimo chanya kichukuliwe ni cha mimba mpaka kithibitike vinginevyo. Watu hukiita "kifuko cha uongo" haraka mno, wakachoma, na wiki moja baadaye moyo unaonekana unapiga kwenye mimba iliyokwishapata dawa inayoharibu viungo.